Arobaini ya Zabel

Foleni ya mikate ya nyama pale Glendale siku ya Jumamosi haina adabu. Viwiko vinasukumana, akina mama wanapaza sauti juu ya kaunta, na muuzaji anaita namba kana kwamba anagombana nazo. Siku hiyo Zabel alishika namba sitini na mbili. Mwenye sitini na moja, mwanamume mrefu aliyevaa shati la buluu lenye doa la grisi kifuani, aliitwa mara tatu, na mara tatu hakusogea.

"Kaka, unaitwa."

"Nimesikia. Nakupisha."

"Kwani mimi mgonjwa?"

"Hapana. Nikishanunua itabidi niondoke, na jina lako bado sijalijua."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Zabel naye akacheka, na hapohapo mkono wake ukapanda kufunika kidevu. Yule mwanamume, Norayr, fundi wa lifti, akadhani ni haya. Akampenda kwa ile haya.

Maskini, haikuwa haya. Tangu Zabel alipotimiza miaka kumi na sita, nywele nyeusi, ngumu, zilimwota kidevuni na kooni. Daktari alisema ni homoni. Kila asubuhi alijifungia bafuni akanyoa, akapaka poda, akaenda kushona magauni ya harusi za wenzake. Ikifika jioni ngozi inakwaruza tena. Ndiyo maana kwa miezi saba ya mapenzi, saa kumi na moja ikigonga, Zabel anaaga.

"Wewe binadamu au benki?" Norayr alimtania. "Mbona unafunga mapema hivyo?"

"Njoo na mapema, mteja wangu."

"Nitakuja kukuoa mapema, uone."

Baba yake Norayr, Mzee Onnik, hakungoja hata posa. Alikuwa akimwita Zabel "mkwe wangu" mbele za watu, akimmegea kipande kinono cha nyama kwa mkono wake. Zabel alimpenda mzee yule kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Sasa kulikuwa na dawa: mionzi ya leza. Lakini vikao vyake ni vingi na bei yake haishikiki kwa mshahara wa sindano, na bima ilishakataa kwa neno moja: urembo. Urembo! Mwanamke ananyoa ndevu kama sajini, wao wanaita urembo. Ilibaki rufaa moja tu, ya mwisho.

"Wanataka kuona kwa macho," daktari alimwambia. "Usinyoe, usinyofoe hata unywele mmoja. Tutakupiga picha kila wiki hapa kwenye kliniki ya leza. Na usiguse wembe mpaka jibu lije, maana wanaweza kumleta daktari wao akukague. Akikukuta laini, rufaa imekufa."

Zabel akakubali. Kazini alivaa barakoa, akasema ni mzio. Kwa Norayr alisingizia safari ya kikazi. Alipanga siku akipona amweleze yote, akicheka.

Siku ya tisa simu ikalia.

"Zabel jan, mpenzi wangu." Sauti ya Norayr ilikuwa imekauka. "Baba amefariki. Moyo. Mezani, kikombe mkononi. Njoo."

"Mungu aitie nuru roho yake," Zabel akasema, akakaa sakafuni.

"Unakuja lini?"

"Norayr... nitajitahidi."

"Utajitahidi?"

Msiba wa watu wa kwao ni wa mashavu. Unaingia mlangoni, wafiwa wanakubusu mmoja mmoja, shavu hili na lile, kisha mnakaa mnakula pamoja chakula cha marehemu. Barakoa ingemficha vipi? Zabel alisimama mbele ya kioo, wembe mkononi. Akinyoa, rufaa imekufa. Asiponyoa, hana sura ya kwenda nayo. Akaurudisha wembe kabatini, na alijichukia tangu dakika ile.

Siku ya mazishi aliegesha gari ng'ambo ya kanisa. Alimwona Norayr akibeba jeneza, akigeuza shingo huku na huku, anatafuta mtu. Alijua anayetafutwa ni nani. Alishika kitasa cha mlango, akakiachia. Akalia ndani ya gari mpaka watu wote wakaondoka.

Wiki mbili baadaye Norayr akapiga tena.

"Dada yangu Talin kakuona."

"Wapi?"

"Unatoka kliniki ya urembo, umejifunika uso. Safari ya kikazi, eh? Baba yangu hana hata mwezi ardhini, wewe unajiremba! Unamrembea nani?"

"Norayr, nisikilize..."

"Siku ya mazishi mama alikuwekea kiti pale mezani. Kiti, Zabel! Kikabaki kitupu watu wanakitazama. Baba alikuita mkwe. Usinipigie tena."

Simu ikakatika. Kweli ilikuwa mdomoni mwake, neno moja tu, na hakulisema. Mtu aliyezoea kuficha, hata akiungua hutafuta pa kufichia moshi.

Jibu la bima lilikuja zikiwa zimebaki siku mbili kufika arobaini ya mzee. Zabel alifungua bahasha palepale kwenye sanduku la barua. Picha zote wameziona, walisema. Hakuna daktari wa kuja. Tiba si ya lazima, ni urembo. Uamuzi ni wa mwisho.

Alicheka kicheko kibaya. Kisha akaenda bafuni, akaushika wembe, akautazama muda mrefu. Hakunyoa.

Arobaini ilifanyika makaburini, saa nne asubuhi, ubani ukifuka juu ya makaa. Zabel alivaa gauni jeusi lenye kola iliyolala, shingo wazi, uso mtupu. Wanawake walimpisha njia kama mtu anayebeba maji ya moto. "Yesu wangu," mmoja alisema. Norayr alikuwa amesimama kaburini na ndevu zake za siku arobaini, maana mwana aliyefiwa hanyoi. Alimwona. Akarudi nyuma hatua moja.

Mama Araksi, mjane, ndiye aliyesogea. Alimkagua uso polepole, akambusu shavu hili na lile.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Haya. Mwekee mzee ubani."

Zabel akaweka ubani. Alipogeuka, Norayr alikuwa akitazama viatu vyake mwenyewe.

Jioni simu ikalia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Leo umeona kwa nini. Ulirudi nyuma."

"Nimenyoa. Arobaini imekwisha."

"Yako imekwisha, Norayr. Yangu haina arobaini. Kesho nitanyoa, na keshokutwa, mpaka nizikwe."

"Basi nije asubuhi. Kabla hujanyoa."

Kulipokucha Zabel alikaa dirishani, hajanyoa, kahawa inapoa. Saa moja, lori dogo la mafundi wa lifti likasimama chini. Norayr hakushuka. Robo saa. Nusu saa. Mikono juu ya usukani, kichwa kimeinama.

Hasira zilimpanda. Halafu akakumbuka kitasa cha mlango wa gari lake, ng'ambo ya kanisa.

Akateremka ngazi na kandambili zake, akafungua mlango wa lori, akaketi kando yake. Kidevu cha Norayr kilikuwa na mikato miwili ya wembe.

"Umeshindwa kushuka."

"Naogopa." Alikuwa akilia, macho mbele kwenye kioo. "Naogopa nitakutazama vibaya, nawe utaona."

"Nimetazamwa vibaya na watu wa bima waliopewa picha zangu zote, Norayr. Wewe nitazame vibaya ukitaka. Lakini nitazame."

Norayr akafuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akageuza uso, akamtazama.