Damu ya Aliyezikwa

Daktari Khisa alikutwa amelala kifudifudi kati ya meza yake na dirisha, shavu juu ya saruji baridi, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea mlangoni kama mtu anayemsihi mwenzake asiondoke. Nje, mvua ya Kiamunyi ilinyesha, nyembamba, isiyo na haraka.

Inspekta Wachuka alichuchumaa, koti lake likiburuzika sakafuni.

"Kichwa kimegonga kona ya meza, afande," alisema Konstebo Nasrudin. "Alisukumwa."

"Na hii glasi?"

"Ya maji. Imevunjika. Kuna matone ya damu kutoka hapa hadi mlangoni. Ya marehemu, nadhani."

"Marehemu alitoka nje, kisha akarudi kufa?"

Nasrudin akafuta alichokuwa ameandika daftarini.

Juu ya sinia kulikuwa na glasi ya pili, nzima, imejaa maji. Wachuka aliitazama kwa muda. Mwizi hakaribishwi maji. Aliyekuja alikuwa mgeni, tena mgeni aliyeheshimiwa. Aliagiza matone yale yachukuliwe kwa pamba, moja moja, kabla unyevu haujayaharibu.

Jengo lile lilikuwa la utafiti. Daktari Najwa, aliyefanya kazi na marehemu, alieleza akiwa amesimama ukumbini, macho yamevimba, hijabu nyeusi juu ya koti jeupe.

"Tunapima damu ya mgonjwa, tunasoma jeni zake, yaani kile alichorithi kwa baba na mama. Dawa inayomponya mmoja humwua mwingine. Ni kama fundi wa nguo. Huwezi kushona suti moja ukawavika watu wote."

"Alikuwa na adui?"

Najwa alisita. "Adui, hapana. Lakini kuna mtu alikuja hapa getini akapiga kelele. Kimeli, mkulima wa viazi wa Sachangwan. Mkewe, Jeruto, alikuwa na saratani ya utumbo. Tulimpima, tukasema mwili wake unaiweza dawa kwa kipimo kamili. Dawa ikamchoma kutoka ndani. Alikufa midomo imebabuka, hawezi kumeza hata mate."

"Kimeli alisema nini?"

"Alisema, 'Khisa, na wewe utalala chini kama mke wangu.'"

Jioni hiyo Kimeli alikuwa seli. Alikuwa mwanamume mrefu aliyekonda kwa msiba, na hakukana.

"Nilisema. Lakini ulimi ndio uliokwenda huko, miguu haikwenda."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Shambani."

"Nani alikuona?"

"Viazi."

"Usinichezee, mzee."

"Nicheze na nini, mama? Nimebaki na nini cha kuchezea?"

Wachuka aliishika mikono ya Kimeli, akaigeuza chini ya taa. Sugu, udongo ndani ya kucha, nyufa za baridi. Hakuna mkato hata mmoja.

Mkuu wake hakutaka kusikia. "Mtu ametisha, mtu amekufa. Unangoja nini? Mpeleke kortini."

"Nangoja kidonda, bwana mkubwa. Aliyevunja glasi alijikata. Huyu mikono yake mizima."

"Nakupa mpaka mwisho wa wiki. Baada ya hapo anasomewa mashtaka ya mauaji."

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilifika, na Wachuka aliisoma mara mbili. Pigo lile halikuua papo hapo. Khisa alivuja damu ndani ya fuvu polepole. Kama mtu angeita ambulensi, huenda angeishi. Majibu ya damu nayo yalisema jambo moja tu: iliyodondoka kuelekea mlangoni haikuwa ya Khisa. Ilikuwa ya mwanamke.

Akiwaza kwamba mgeni yule huenda alikuwa mgonjwa wa pale, Wachuka alipata idhini ya mahakama ili damu ile ilinganishwe na sampuli za maabara. Najwa alipompigia simu, sauti yake ilikuwa ndogo. Wachuka na Nasrudin walimkuta ameketi mbele ya kompyuta, chai yake imefanya utando.

"Kaa kwanza, Inspekta."

"Habari mbaya nimezoea kuzipokea nikiwa wima. Sema."

"Damu hii ni ya Jeruto."

Nasrudin aliacha kutafuna karanga. "Jeruto yupi? Si yule aliyezikwa?"

"Huyo huyo."

"Astaghfirullahi! Labda mtu ameitoa kwenye friji lenu akaimwaga."

"Mirija yake yote imo, imeganda kama ilivyowekwa. Hakuna iliyoguswa."

Mvua iligonga mabati ya banda la jenereta. Nasrudin alitazama mlango, kisha akajiona mjinga, akatazama viatu vyake.

"Maiti haitembei," alisema Wachuka taratibu. "Basi walio hai ndio waliotudanganya. Daktari, mwanamke aliyekuja kutoa damu hapa hakuwa Jeruto."

"Lakini alikuja na kitambulisho chake!"

"Picha za vitambulisho vyetu, hata mama yangu hanijui kwa yangu. Nani alimpokea?"

"Khisa mwenyewe." Kisha Najwa akashika shavu. "Ngoja. Baada ya yule mama kufa, Khisa hakulala. Alikuwa akisema, 'Huyu hakupaswa kufa, jeni zake hazisemi hivyo.' Akaomba hospitali impe kipande cha uvimbe waliomtoa. Nilidhani hakijafika."

Alitafuta ndani ya mashine. Kilikuwa kimefika, na Khisa alikuwa amekipima. Najwa aliweka majibu mawili kando kwa kando, akatazama muda mrefu.

"Ni watu wawili. Lakini wa karibu sana. Tumbo moja."

Sachangwan ilikuwa imezama kwenye ukungu. Malori yalipanda mlima yakikoroma, taa zimewashwa mchana. Nyumbani kwa Kimeli, kaburi lilikuwa bado tuta jipya, na nyasi hazijathubutu kuota. Mwanamke aliyewakaribisha alijitambulisha kuwa Chesang, mdogo wake Jeruto. Alikuwa amehamia pale kuwalea watoto wa dada yake. Kasichana kadogo kalikuwa kameshika sketi yake, kakimwita mama.

Chesang alimimina chai ya maziwa, akampa Wachuka kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefichwa chini ya leso.

Wachuka hakukipokea.

"Siku hizi mgeni anapewa chai kwa kushoto?"

"Samahani, mama. Huu mwingine nilijikata. Nilikuwa namenya viazi."

"Unatumia kushoto?"

"Hapana."

"Basi kisu hushikwa kwa kulia, na kiazi kwa kushoto. Mimi pia nimemenya viazi maisha yangu yote, na vidonda vyangu viko huku." Alionyesha kiganja chake cha kushoto. "Nasrudin, mpeleke mtoto akaone gari letu."

Mlango ulipofungwa, moto ulisikika ukipasua kuni.

"Shemeji yako yuko seli. Keshokutwa anasomewa mashtaka ya mauaji."

"Watamwachilia. Hakufanya kitu."

"Unajuaje hakufanya?"

Chesang aliketi kwenye kigoda, leso ikateleza, na mkato ukaonekana ukivuka kiganja chote.

"Nani alitoa damu kwa jina la Jeruto?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Hakuweza kusimama, mama. Baada ya kupasuliwa alikuwa kama nguo iliyoanikwa. Na mvua ilikuwa imekula barabara. Tungekosa siku ya kupimwa, tungeanza kungoja upya. Nikamwambia, lala, dada, naenda mimi. Si tumenyonya ziwa moja? Mama yetu alikuwa akitupatanisha hivyo tukigombana: damu yenu ni moja. Nikaona tena yangu ina nguvu. Nilikunywa uji kabla ya kwenda, ili damu yake ifike ikiwa nzuri."

Wachuka aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia maungamo mengi, ya wivu na ya mashamba. Uji ulikuwa mgeni kwake.

"Na daktari?"

"Alipiga simu ya Jeruto. Ninayo mimi. Akasema aliyekuja kutoa damu aje tena. Nilipofika akanipa maji. Akaniambia polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Dawa ile ilipimwa kwa mwili wangu. Mimi ningeiweza. Dada hakuiweza."

"Ukamsukuma?"

"Nilipiga magoti kwanza! Alisema lazima Kimeli aambiwe, na hospitali zote ziambiwe, mwingine asije akafanya kama mimi. Nikamwambia, watoto hawa wataambiwa kuwa mimi ninayewapikia ndimi niliyemuua mama yao. Akasema pole, lakini hawezi kunyamaza. Akaelekea kwenye simu. Nikamsukuma, glasi iko mkononi."

"Alikuwa akipumua ulipotoka?"

Alivuta leso, akakifunika tena kiganja.

"Chesang."

"Alikuwa akipumua."

"Alisema kitu?"

"Aliniita. Aliniita Jeruto. Ndilo jina nililompa, hakujua lingine." Alilia bila sauti, machozi yakishuka hadi kidevuni. "Nilisikia kama dada ndiye anaitwa. Nikakimbia."

Kimeli alitolewa seli asubuhi iliyofuata. Walipishana kwenye ukumbi wa kituo, yeye akivaa mkanda wake, Chesang akiwa na pingu.

"Ungeniambia," alisema Kimeli.

"Ungenisamehe?"

Kimeli alitazama tundu la mwisho la mkanda, ambalo sasa halikuweza kumkaza kiunoni. Alitoka nje, na hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Kwa ushahidi wa kortini ilibidi damu ichukuliwe upya. Najwa alikuja kama shahidi, muuguzi wa polisi akashika sindano. Walimfunga Chesang mpira juu ya kiwiko, mkono ule ule aliotolea damu kwa jina la dada yake. Mshipa uliinuka bila kutafutwa.

"Sema jina lako," alisema muuguzi, kalamu juu ya mrija mtupu.

Chesang alitazama dirishani, kuelekea upande wa milima, ambako ukungu ulikuwa umefunika kila kitu.

"Jina, mama."

"Chesang," alisema. "Hii andika Chesang."