Maneno Aliyoyakopa Mutiso

Siku ya soko mjini Wote, mwanamume mmoja alirudi kinyumenyume akikwepa mkokoteni, akamgonga Kathini. Machungwa aliyobeba Kathini yakabingirika hadi kwa wauza mitumba.

"Pole, dada!" Alipiga magoti vumbini na suruali yake nyeupe.

"Pole baadaye. Moja limeingia chini ya meza."

Alikuwa Mutiso Mbaluka, mwigizaji aliyezaliwa Marekani, Kiswahili alifunzwa na mamake. Kwa miaka mingi alipewa vijisehemu kwenye majukwaa ya New York, akiuawa kabla hadhira haijakaa vizuri, hadi filamu moja ikampa jina. Sasa alikuwa Mbooni kwa nyanyake, akisubiri kazi mpya.

Kathini, mtangazaji wa redio, hakuwa ameiona filamu hiyo. Alichopenda ni simu ambazo Mutiso alianza kumpigia kila baada ya kipindi.

"Malkia, umekunywa chai?"

"Malkia hana sukari. Lete."

Jumapili moja, kwenye mteremko wa Mbooni, Mutiso alimshika mkono, macho yamelowa. "Kabla yako nilikuwa nyumba iliyowashwa taa, na ndani hamna mtu."

Kathini alimwambia mamake amepata mume. Mama akawaambia akina mama wote kanisani.

Kisha Ciku, mwenzake kazini, akaiweka ile filamu kwenye simu yake. Mutiso alikuwa amemkumbatia mwanamke mwenye gauni jekundu. "Kabla yako nilikuwa nyumba iliyowashwa taa," akasema, macho yamelowa vilevile.

"Kathini, unalia nini na hajafa?" Ciku akauliza.

Tangu hapo Kathini hakushika simu za Mutiso. Mutiso alimfuata hadi studio, kipindi kikikaribia kuanza. Alisema amepata sehemu kubwa jukwaani New York, na ndege ni kesho.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Ile nyumba yenye taa. Kumbe nayo ni ya kukodisha?"

Mutiso akainamisha kichwa. "Niliyakopa, ni kweli. Tangu ujana nasema maneno ya watu wengine. Yangu yananitisha."

"Yaseme hayohayo. Na ukitoa machozi, toka nje."

Mutiso akatafuta maneno. "Mimi... ukicheka unalia kama mbuzi. Nikiwa mbali naisikiza redio yenu ndio nikusikie. Naogopa nikienda utapata mtu wa hapa."

Kathini akauma mdomo asicheke. "Mimi siachi kazi yangu nikakae huko kukungoja."

"Sijasema uache. Mchezo ukiisha Desemba narudi. Nataka tuoane. Nyanya nimeshamwambia."

"Umeanza na nyanya, si mimi?"

"Yeye nilijua hatanikataa."

Fundi mitambo akagonga kioo: wanaingia hewani. Kathini alimtazama Mutiso, jasho linamtiririka shingoni, mikono haijui pa kukaa. Akamvutia kiti, akafungua maikrofoni.

"Wasikilizaji wa Makueni, hamjambo," alisema. "Leo niko na mgeni. Ni mchumba wangu. Mnisamehe, kwa sasa hawezi kuongea."