Kilichoshikwa Mwisho

Kazi aliyonituma Mama ilikuwa ndogo tu. Nichukue gitaa la marehemu kaka yangu Lonzell, nilipeleke kaburini kwake kabla jua halijazama, nilivunje.

"Ulivunje hasa," aliniambia. Alikuwa kitandani tangu siku ya mazishi, shuka hadi kidevuni. "Usiliegemeze pale kama shada la maua. Nataka lipasuke."

"Sawa, Mama."

"Cleotha, nisikilize. Kitu alichoshika marehemu mara ya mwisho ndicho kinachovunjwa juu yake. Kisipovunjwa, mnyororo haukatiki. Atarudi kuchukua mwingine wa nyumba hii, halafu mwingine. Na tumebaki watatu."

Watatu wenyewe ni yeye, mimi, na Luvenia, binti wa Lonzell, mwenye miaka kumi na saba na sauti ya kumliza hata mchungaji. Mama yake alikwenda Chicago zamani, akanogewa huko. Mtoto tumemlea sisi.

Mambo haya sikuambiwa ukubwani. Makaburi yetu yote huku kando ya mto Yazoo yamejaa vikombe vilivyovunjwa mikono, sahani, taa, saa za mezani. Juu ya babu yangu ipo miwani yake, vioo vimepasuliwa kwa jiwe. Kwa hiyo sina cha kujitetea.

Nilivunja gitaa jioni ile. Nililipiga kwenye msalaba mpaka shingo ikatengana na mwili.

Lakini halikuwa lile.

Mimi na Lonzell tulinunua magitaa yetu siku moja, Memphis, yote mekundu, pacha kabisa. Tofauti ilikuwa tumboni. Ndani ya lake Lonzell alitia mkia uliokauka wa nyoka yule mwenye njuga, kama walivyofanya wapigaji wa zamani. Walisema unafukuza unyevu na kuipa sauti sumu. Ukilitikisa gitaa, mkia unalia. Miaka ishirini nilipiga gitaa la pili nyuma ya sauti ile. Yeye alipaa juu, mimi nilimtandikia chini. Na siku ile ya mazishi, mwenye kilabu tunachopigia, Bi Ozella, alinivuta pembeni akaninong'oneza.

"Cleotha, usinichukie. Wewe peke yako ni mkate wa mahindi bila samaki. Jumamosi ijayo ukishindwa kuwashika watu wangu, namwita yule mpigaji wa Greenwood."

Roho iliniuma. Ndiyo, nilimpenda kaka yangu. Lakini gitaa lake nalo nililitamani tangu siku lilipotoka dukani, na leo nasema waziwazi maana kuficha hakunisaidii tena. Nikavunja langu. La kwake nililiacha kwenye gari, madirisha nimeyafunga.

Niliporudi garini, upepo hapakuwa na hata wa kutikisa jani. Nikaweka mkono kwenye kitasa.

Chrrr...

Nikasimama.

Chrrr... chrrr...

Nikajiambia ni joto, mbao zinatanuka. Nikaliwasha gari nikaenda zangu.

Inabidi mjue Lonzell alivyokufa. Alikufa akiwa kazini, kwa Bi Ozella, nyuma ya kinu cha pamba. Aliimba ubeti wa kumsuta Pegg, dereva wa trekta aliyekimbiwa na mkewe. Wapigaji wa muziki wa bluzi ndivyo tulivyo, mtu akijikalia vibaya tunamtungia papo hapo. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Pegg naye akacheka. Akazunguka nyuma yetu kana kwamba anakwenda chooni, akamshika Lonzell nywele, akamkata koo kwa wembe kutoka sikio hadi sikio. Ubeti ulikuwa bado haujaisha.

Na mimi nilifanya nini? Niliendelea kupiga.

Anayefanya kazi kwenye vilabu vyetu hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: ugomvi ukizuka, muziki usikome. Ukikoma, waliokuwa wakicheza nao wanaingia, na badala ya maiti mmoja mnazoa watano. Dub alikuwa kwenye ngoma, hakusimama. Mimi vidole vilikwenda vyenyewe. Damu ya kaka yangu ikamwagikia gitaa lake, ikaingia kwenye tundu, tone baada ya tone, na sisi tunapiga. Alinitazama. Alikuwa hawezi kusema, lakini alinitazama mpaka macho yakaganda.

Pegg hakulala jela hata siku tatu. Mzungu mwenye shamba alimwambia sherifu kwamba pamba haingoji mtu.

Basi Jumamosi ikafika. Nilipoingia kwa Bi Ozella jua lilikuwa bado linamulika vumbi mlangoni. Mafuta yalikuwa yanachemka, Luvenia anamgeuzageuza kambare kwenye sufuria. Bi Ozella alilitazama gitaa, kisha akanitazama mimi.

"Si ulitumwa ukavunje?"

"Nilivunja. Hili ni langu."

"Mbona linanuka kafuri?"

Kwa kafuri ndiyo Mama alimwosha Lonzell. Nilichomeka waya kwenye spika, nikavaa shingo ya chupa kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ya kutelezea juu ya nyuzi, nikamtikisia Dub kichwa.

Wimbo wa kwanza nilipiga mimi. Wa pili sijui.

Mkono wa kushoto ulipanda juu ya shingo ya gitaa, mahali ambapo sijawahi kufika. Nyuzi zikalia kilio cha mtu mzima. Watu walioshika glasi wakazishusha. Mama mmoja akasema, "Yesu wangu," taratibu sana. Nilifurahi! Mungu anisamehe, nilifurahi kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nikafikiri, kumbe ni gitaa tu. Kumbe siku zote mimi na yeye tulikuwa sawa.

Kisha nikajaribu kupumzisha mkono.

Haukupumzika.

Jikoni mwiko ulianguka. Luvenia akatokeza mlangoni, mikono imejaa unga wa samaki.

"Baba?" akasema.

Hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, kama mtu anayemtazama mrefu zaidi. Lonzell alinizidi kwa kichwa kizima.

Pegg alikuwa amekaa kwenye kona, mguu juu ya kiti, amelewa gongo. Akapiga makofi.

"Haya, mdogo mtu! Leo umekula nini? Kumbe ulikuwa unangoja kaka afe ndipo ujue kupiga?"

Watu wawili watatu wakacheka kwa woga. Kinywa changu kikafunguka. Kikaimba ule ubeti wa mke wa Pegg. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Na kikauendeleza kutoka pale wembe ulipoukatia, maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia.

Kicheko cha Pegg kikafa.

"Acha," akasema. "Acha kupiga hivyo, Cleotha. Nakuonya."

Chrrr... Njuga ikalia tumboni mwa gitaa. Niliisikia kwenye mbavu zangu.

Pegg alichomoa wembe akanijia. Mimi hupiga nimekaa, miaka yote, ila safari hii nilijiona nimesimama. Sijui kwa nini hakunikwepa. Ngumi ya kushoto ilimpata mdomoni, shingo ya chupa ikavunjikia kwenye meno yake. Akarudi nyuma, akitema meno na vioo. Nikataka kusema basi. Mkono wa kulia ulimkamata nywele, wa kushoto ukapitisha kile kipande kilichobaki kidoleni chini ya taya lake. Polepole. Kutoka sikio hadi sikio, njia ileile. Damu ilinirukia machoni, ya moto, na ilinuka chuma na kafuri. Pegg alipiga magoti, akavishika viatu vyangu, akatoa sauti ya maji yanayoishia bombani. Halafu akalala.

Dub hakuacha kupiga ngoma. Ndiyo kazi.

Na gitaa, mikono yangu yote miwili ikiwa kwa Pegg, lilikuwa bado linapiga.

"Ba'mdogo!" Luvenia alinikimbilia, akanishika bega. "Ba'mdogo, inatosha! Mwache!"

Mkono wa kulia ukageuka. Ukamshika koo.

Nilikuwa ndani naona yote. Niliusukuma ule mkono kwa nguvu zote za roho yangu, nikawa kama mtu anayesukuma ukuta. Vidole vikazama kwenye shingo ya yule mtoto, miguu yake ikaanza kuacha sakafu. Na kinywa changu, kwa sauti ya Lonzell ile ya upole aliyokuwa akimbembelezea usingizi, kikamwambia, "Twende zetu, mwanangu. Kule ni baridi peke yangu."

"Baba... unaniumiza."

Bi Ozella ndiye aliyemwokoa. Alinimwagia mgongoni yale mafuta ya moto ya kukaangia samaki, sufuria nzima, kisha akanipiga kichwani kwa sufuria hiyohiyo. Ngozi ya mgongo mpaka leo haijarudi. Bado namshukuru.

Sherifu alikuja asubuhi. Aliwauliza watu arobaini nani amemuua Pegg, na arobaini wote wakamjibu kwa kiapo: Lonzell. Akacheka, akasema sisi watu weusi tukilewa hatuna maana, akafunga daftari.

Jioni ya Jumapili hiyo nilirudi makaburini, mgongo umefungwa matambara, gitaa mkononi. Mama alinifuata kwa miguu yake mwenyewe. Luvenia alimshikilia, kitambaa shingoni. Nililipiga lile gitaa msalabani mpaka likawa kuni. Mkia wa nyoka ukaangukia kwenye nyasi na kutulia. Nikashusha pumzi.

"Tayari, Mama."

Mama hakuutazama hata mkia. "Nilikutuma nini wiki iliyopita?"

"Nivunje alichoshika mara ya mwisho."

"Ulipovunja chako ukaacha chake, ulimfungulia mlango. Mchuma janga hula na wa kwao, Cleotha. Sasa niambie. Jana alishika nini?"

Sikuelewa. Kisha nikaona macho yake yameshukia wapi.

Yalikuwa kwenye mikono yangu.

Nyundo alikuwa nayo chini ya mtandio. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Niliuweka mkono wa kushoto juu ya jiwe la pembeni ya kaburi kwa hiari yangu, kwa kuwa Luvenia alikuwa amesimama pale na alama tano za vidole zikionekana chini ya kitambaa. Pigo la kwanza nilisikia mifupa. Pigo la tatu nilijitapikia. La saba sikuwa nao tena mkono, ulikuwa mfuko wa kokoto.

"Leta wa pili," Mama akasema.

Nikalia. Mwanamume wa miaka arobaini na tatu, nikamkumbatia mama yangu miguu. "Mama, niachie mmoja. Wa kulia chakula tu. Wa kujifungia suruali. Heri nusu shari, Mama."

"Bibi, usimsikilize," Luvenia akanong'ona.

Lakini Mama alikuwa amezika mtoto mmoja wiki ile. Alinitazama muda mrefu, uso ukamvunjika, nyundo ikamponyoka. Akanihurumia. Kosa lilelile nililolifanya mimi kwa gitaa, mama yangu alilifanya kwa mwanawe.

Mama tulimzika Novemba. Daktari alisema ni moyo, uzee. Hakuniuliza kuhusu alama za vidole shingoni mwake, nami sikumwambia. Mimi nilikuwa nimelala. Ninachojua ni kwamba niliamka mkono wangu wa kulia ukinuka kafuri.

Tumebaki wawili.

Haya yote ninayasema kwa mdomo, anayeandika ni Luvenia. Mkono huu sithubutu kuupa kalamu. Tangu tumeanza, umekuwa ukigonga meza kwa vidole, taratibu, na Luvenia ameutambua wimbo kabla yangu, nimemwona alivyoacha kuandika na kuinua macho. Anataka kulia. Nimemwambia asilie. Juzi nilimwambia apande basi akamfuate mama yake Chicago, akanijibu kwamba mnyororo haujui umbali, Bibi alimfundisha.

Nyundo iko mezani, ameileta mwenyewe. Jua limebaki kidogo juu ya mashamba. Nimejifunga mkono kwenye mguu wa meza kwa mkanda wa suruali, nikaukaza kwa meno, nao unavuta.

Safari hii sitaomba kuachiwa kitu. Na hata nikiomba, mwanangu, hata kama sauti ni yangu, hata kama ni ile ya upole... wewe piga.