Nilimchora Dada Yangu, Nikamvunjia Nyumba

Nina miaka ishirini na tisa, sijaolewa, na ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo miezi minane haijaipunguza hata kidogo. Hasira kwa mwanaume mmoja anayeitwa Denis... na hasira kwangu mwenyewe. Msiwe na haraka ya kunihurumia. Someni kwanza, kisha mniambie kama nastahili.

Mimi ni mzaliwa wa Kolandoto, Shinyanga. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na aliyenilea ni dada yangu Minza, aliyenizidi miaka kumi na miwili. Minza ndiye aliyenifulia sare, akanisuka, akanikalisha chini kunieleza mambo ya kike siku nilipovunja ungo. Alipoolewa alinibeba nikamfuata kwake kama kifurushi! Mume wake, Baba Kulwa, hakuwahi kuninung'unikia hata siku moja kuhusu chakula chake nilichokula.

Baadaye wakahamia machimboni, upande wa Geita. Baba Kulwa msimu wa pamba alikuwa akirudi Shinyanga kulima, na dada akibaki huko akiponda mawe ya dhahabu na wanawake wenzake. Mungu aliwapa watoto watatu, mapacha Kulwa na Doto, kisha Shija.

Mimi nilikuwa mtu wa kuchora tangu shuleni. Ndivyo nilivyokutana na Denis. Alikuwa na fremu ya biashara mjini Geita, akipiga video za harusi na vipaimara, na pembeni akijifunza kutengeneza katuni. Alinipa kazi, akanifundisha, akanipenda... au tuseme alisema ananipenda. Mwaka haukuisha akaleta barua ya posa nyumbani. Baba Kulwa alikuwa miongoni mwa walioipokea. Walikula meza moja! Likumbukeni hilo.

Kwa wasioijua kazi yetu, niwaeleze kidogo. Unampiga mtu video akitembea, akikaa, akiongea. Video ile unaiingiza kwenye programu ya kuchorea, unaififisha, halafu unachora juu yake kwa kalamu maalumu, picha baada ya picha. Sekunde moja tu, michoro kumi na miwili. Ukimaliza unaiondoa ile video ya chini, na katuni yako inabaki ikitembea kama binadamu. Ni kazi ya kuvunja mgongo na kuumiza macho, lakini niliipenda kuliko kula.

Siku moja Denis akaja na kazi kubwa. Shirika fulani lilitaka filamu fupi ya katuni kuhusu wanawake wa machimboni na wanaume wanaowataka kimwili ndipo wawape mawe ya kuponda. Walitaka simulizi ya kweli, lakini msimuliaji asijulikane. Ndiyo maana walitaka michoro.

Na mimi nilikuwa naijua simulizi moja ya kweli. Niliijua kwa sababu dada yangu alikuwa amenieleza mimi peke yangu hapa duniani.

Mwaka wa nyuma yake, Baba Kulwa akiwa shambani Shinyanga, mtoto Shija aliugua hadi akaishiwa damu. Dada alihitaji mawe ya kuponda haraka. Meneja wa duara, yaani msimamizi wa shimo lile la dhahabu, akamwambia mawe yapo, ila yana masharti. Dada alilia, akarudi nyumbani, akamtazama mtoto... kesho yake akayakubali masharti. Mara moja tu. Shija alipona. Tangu siku hiyo dada aliibeba siri ile kifuani.

Nilimwendea. Nilimwambia, dada, ukisema utawasaidia wengine. Alikataa. Nikarudi. Mara ya tatu akakubali, kwa sharti moja ambalo alilirudia akiwa amenishika mikono yote miwili.

"Kabula, mdogo wangu, Baba Kulwa asijue. Akijua nimekwisha, na watoto nimewapoteza."

Niliapa kwa kaburi la mama.

Mpango wetu ulikuwa huu. Dada asimulie mbele ya kamera ili nishike maneno yake. Kisha mimi niigize, nipigwe video nikirudia yale maneno kwa mwili wangu, na tuchore juu ya video yangu. Sauti iwekwe ya mwanamke mwingine. Video ya dada ifutwe. Denis alikubali kila kitu huku akiitikia kwa kichwa kama mzee wa kanisa.

Nikaigiza. Denis akatazama, akacheka. Akasema nimekaa kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni. Akataka nirudie, nikarudia, akacheka tena. Tarehe ya kukabidhi ikawa inakaribia. Ndipo akafungua kompyuta na kunionyesha kitu... video ya dada yangu! Hakuwa ameifuta.

"Tuchore juu ya hii," akasema. "Sura tunabadilisha, nguo tunabadilisha, sauti si yake. Atajulikanaje? Na ikaonyeshwe Mwanza na Dar kwa wakubwa, huko nani anamjua?"

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu akaanza maneno ya harusi yetu, kwamba kazi hii ikiharibika, mipango yote inaharibika, kwamba pengine mimi sina nia ya kuolewa naye. Nikaishika kalamu.

Hapa ndipo ninapotubu, wasomaji wenzangu. Ningeweza kusema nililazimishwa. Uongo! Nilipoanza kuchora juu ya dada yangu, kazi ilipata uhai ambao sikuwahi kuuona mikononi mwangu. Mabega yalishuka penye kushuka. Pumzi ilionekana. Nilimpa uso mrefu badala ya wake wa duara, nikamvika kitenge cha kijani, nikampunguza mwili. Kila nilipochezesha kipande nilijipongeza! Wiki tano nilimchora dada yangu akilia, na mimi nikitabasamu kwa jinsi machozi yalivyotoka vizuri. Mnaona mtu niliyekuwa?

Dada yangu ana kawaida moja. Maneno yakimkwama, huweka mgongo wa mkono wa kushoto mdomoni, mara mbili, kisha huvuta khanga begani hata kama haijateleza. Nimeuona mkono ule tangu utotoni hadi nikawa siuoni tena. Niliuchora pale mara sita au saba, michoro kumi na miwili kila sekunde, bila hata kufikiri.

Filamu ikakamilika, ikasifiwa. Halafu Denis, bila kuniuliza, akakubali ionyeshwe machimboni! Kule kule! Niliambiwa siku mbili kabla, matangazo yakiwa yameshapita. Nikamwambia umeahidi Mwanza na Dar. Akaniambia niache ushamba, uso umebadilika.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, katika darasa la shule iliyo jirani, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Dada alikuja amevaa gauni lake la kanisani na khanga begani. Alikuja kwa fahari, maana alijua aliyechorwa ni mimi! Sikuwa nimemwambia. Sikuwa na ujasiri huo. Pembeni yake alikaa Baba Kulwa, aliyekuwa amerudi toka shambani wiki ile.

Filamu ikaanza. Yule mwanamke wa kitenge cha kijani akakaa, akaanza kusimulia. Alipofika kwa mtoto mgonjwa, maneno yakamkwama. Akainua mkono wa kushoto... mdomoni mara mbili... akavuta kitenge begani.

Nyuma yangu mama mmoja akaguna. "Mayu wane, mama yangu! Huyo si Mama Kulwa?"

Watu wakageuka. Na dada yangu, kwa hofu, maneno yakiwa yamemkwama kweli, akainua mkono wa kushoto, akauweka mdomoni mara mbili, akavuta khanga. Kule mbele katuni, huku yeye, kitendo kimoja! Kuna waliocheka. Baba Kulwa alimtazama mkewe, akatazama ukutani, akasimama, akatoka.

Mngefanya nini? Mimi nilimkimbilia Baba Kulwa hadi nyumbani. Nilimwambia, shemeji, aliyeigiza ni mimi, mimi na dada tumekulia nyumba moja, mikono yetu inafanana, na hadithi yenyewe ni ya mwanamke wa Chunya. Nilidanganya bila kupepesa macho. Dada naye alikana. Na yule baba wa watu alitaka kuamini! Nilimwona akitaka. Alisema, basi kama ni hivyo, mwanaume mwenzangu Denis anieleze kwa nini amemtia mke wangu aibu mbele za watu. Asiponieleza, tutaonana ofisi ya kata.

Nikampigia Denis simu hapo hapo. Nikamweleza la kusema. Sentensi moja tu, wasomaji! "Aliyeigiza ni Kabula." Akasema sawa, ondoa shaka.

Jumatatu asubuhi Baba Kulwa akaingia fremuni. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua wino wa printa. Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta. Kwenye kioo alikuwa dada yangu. Dada yangu wa kweli, na uso wake, na sauti yake, akisema jina la meneja na jina la mtoto Shija!

Denis alikuwa amesikia neno kata, akaogopa, akaona ajisafishe. "Mimi sijatunga kitu, shemeji," alikuwa anasema. "Ona mwenyewe, mstari kwa mstari. Mke wako kasema kwa kinywa chake."

Baba Kulwa hakupiga mtu. Alivaa kofia yake, akaniambia neno moja tu. "Na wewe?" Akaenda zake.

Na wewe... Mtu aliyenilisha!

Wiki ile ile aliwachukua watoto wote watatu akawapeleka kwa mama yake, kijijini Shinyanga. Wazee walikaa, wakaongea mambo ya ng'ombe wa mahari, ndoa ikavunjika. Pale machimboni nako yule meneja akamfukuza dada kwenye mawe, eti anachafua majina ya watu. Meneja mwenyewe bado yupo kazini, anakunywa soda kivulini! Aliyekosa kila kitu ni yule aliyesema ukweli.

Denis nilimrudishia barua yake ya posa kwa mkono wangu, na maneno niliyomwambia hayaandikiki hapa. Alinijibu nini? Kwamba nina hasira za bure, na kwamba watu wanaipenda filamu. Ameiweka mtandaoni, ameandika chini yake ni kisa cha kweli. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe kwamba amepata mwanamke mwingine, wa upande wa Kahama, aliye tayari kusimulia, na anahitaji mkono wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu wa kwangu hana hata haya! Sikumjibu. Nilipanda basi nikaenda Kahama, nikamtafuta yule mama kwa siku mbili, nikamsimulia yote haya. Amekataa kupigwa video. Denis amenitukana sana, na sijali.

Ndugu yangu unayesoma, ukiambiwa hutajulikana kwa sababu utachorwa tu, uliza anayechorwa ni nani. Uliza video iko wapi, na ifutwe ukiwa unaona. Na wewe mchoraji mwenzangu, kijana mwenye kipaji, nakuomba kwa jina la Mungu, ukipewa siri ya mtu usiifanye kuwa kazi ya kujisifia. Ukishindwa kuigiza vizuri, peleka kazi mbaya! Filamu mbaya haijamnyang'anya mama watoto wake.

Sasa tunaishi tena nyumba moja Kolandoto, mimi na dada. Kila asubuhi napiga goti mlangoni kwake, nasema shikamoo dada. Ananiitikia marahaba, kwa sababu amelelewa vizuri. Hajaniambia neno jingine tangu watoto waondoke.