Farumi Mmoja

Watu wa Mkomani, kabla hamjashuka forodhani kutazama mashindano ya mashua ya mwaka huu, nipeni masikio. Mimi Raihana nina neno, na neno lenyewe linaanzia nyumbani kwangu.

Asubuhi ile ya Jumamosi, siku ya mashindano yaliyopita, nyumba ilikuwa tulivu. Mimi chini nachoma mikate ya mofa, juu mpangaji wangu anasahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu kutoka bara, mwaka wa pili sasa, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Tulimwamkia, akatuitikia, basi. Hakuna aliyempandishia sahani ya pilau siku ya Idi, hata mimi niliyelala chini ya miguu yake. Jioni alikaa peke yake kwenye ukuta wa pwani, akitazama watu wakizungumza.

Jambo moja nililijua mimi na wengi hawakulijua. Hakujua kuogelea. Kila akivuka kwenda Mokowe, ng'ambo hapo karibu, alivaa jaketi la kuokolea maisha, akafunga kamba zote tatu, akafumba macho. Nami, Mungu anisamehe, nilimtania mbele ya watu: "Mwalimu, kwenda Mokowe wavaa jaketi, ukenda Pate kule mbali utavaa mangapi?" Abiria walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka, akafungua kamba moja. Tangu siku hiyo sikumwona tena na jaketi.

Sasa, Jumamosi hiyo upepo ulikuwa mkali, na mashua ya mpwa wangu Abdulkadir ilihitaji uzito zaidi. Nyinyi mnajua, lakini acha niwaambie wageni: farumi ni uzito unaotiwa chomboni kisipinduke, mawe au mifuko ya mchanga. Katika mashindano yetu mara nyingi farumi huwa ni watu. Hukaa kwenye ubao uliochomoza ubavuni. Mashua ikishazunguka boya na kurudi na upepo nyuma, uzito hautakiwi tena. Hapo nahodha hupaza sauti, nao hujirusha baharini waje kuokotwa na boti. Kwa aliyezaliwa majini ni mchezo tu.

Abdulkadir alimwona Mwalimu pale ukutani, akampungia mkono aje. "Mwalimu, ndoo! Yeo twataka farumi moya!"

Nilikuwa nimesimama papo hapo. Uso wa Mwalimu ulichanua. Miaka miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwita aje. Alinikabidhi simu yake.

"Bi Raihana, nishikie isilowe. Leo nimeitwa."

"Enda kwa kheri," nikamwambia.

Ningesema maneno matatu tu: huyu hajui kuogelea. Sikusema. Niliona haya kumfedhehesha siku ya furaha yake. Majaketi waliyopewa na wasimamizi yalikuwa yamesukumwa chini kule omoni, mbele ya chombo, maana kwetu anayevaa jaketi huchekwa, na mnajua sasa ni nani hupenda kucheka. Na kwenye orodha ya mabaharia inayopewa boti ya kuokota watu, baada ya majina matano, Abdulkadir aliandika: farumi mmoja. Hakulijua jina la mtu, na hakuona haja ya kuuliza.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Sadiq, baharia aliyekaa ubaoni pamoja na Mwalimu. Walipolizunguka boya, Abdulkadir alipiga ukelele: "Farumi mayini!" Sadiq akajirusha. Akiwa majini alimsikia Mwalimu akiuliza, "Mimi pia?"

"Nawe, nawe! Hima, tutapitwa!"

Hakutaka washindwe kwa ajili yake. Alijirusha.

Sadiq aliogelea kuelekea boti bila kugeuka, akidhani mwenzake yu nyuma. Hakusikia kitu. Anayezama hapigi kelele, jamani. Maji humziba kinywa kabla hajaita. Mwenye boti, Mahir, alimpandisha Sadiq, akaitazama orodha. Majina matano: wanne chomboni, na huyu mmoja. Hesabu imetimia. Farumi mmoja alidhani ni mfuko wa mchanga.

Abdulkadir akashinda. Akabebwa mabegani, ngoma zikapigwa, na mimi nikapiga vigelegele kuliko wote. Nikamwekea Mwalimu mofa mbili na samaki wa kupaka, nikafunika kwa kawa. Alasiri ikaadhiniwa. Chakula kikapoa. Nikashuka kumtafuta Abdulkadir, nimuulize juu ya mpangaji wangu.

"Mwalimu uko wapi?"

"Si uko na Sadiq?"

Sadiq aligutuka. "Mimi nalidhani mumemtukua nyinyi!"

Ngoma zikanyamaza. Boti zote zikatoka kutafuta, nasi wawili, mimi na Abdulkadir, tukaenda kituo cha polisi. Askari alifungua daftari.

"Jina lake kamili?"

"Mwalimu," nikasema.

"Mwalimu nani, mama?"

Nikamtazama Abdulkadir, naye akatazama miguu yake. Miaka miwili katika nyumba moja, na sikuwa na jina la kumpa askari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walimpata Jumapili asubuhi, maji yamemtupa mchangani upande wa Manda. Mimi nilikuwa nimekaa chumbani kwake. Kiti kimoja, kikombe kimoja, sahani moja. Simu ikalia mkononi mwangu, imeandikwa Mama. Nikapokea. Mwanamke akaanza kuzungumza kwa lugha ya kwao, kwa bashasha, nadhani alikuwa ametoka kanisani. Sikuelewa hata neno. Alipoona hajibiwi akaita, na tena akaita: "Kirimi? Kirimi?"

Ndivyo nilivyolijua jina lake.

MAFUNZO

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulimwita mgeni, tukapona sisi, akafa yeye. Jaketi si aibu. Aibu ni ulimi wangu uliomvua. Usimtie mtu chomboni kabla ya kumuuliza kama ajua kuogelea, nawe uliyealikwa, sema "sijui" hata wakucheke. Na mwanadamu huandikwa kwa jina lake, haandikwi kwa uzito wake.

Mwaka huu nitasimama forodhani na daftari, na Abdulkadir amekubali chombo chake kiwe cha kwanza kukaguliwa. Kila apandaye nitamuuliza jina lake na la mamake. Usinikasirikie, mwanangu. Yuko mmoja ambaye sikumuuliza.