Ampea Nne za Ziada

Rafiki yangu Emmet Vosika si mtu wa kutunga mambo. Ndege yake aliijenga na mkewe Ardith gerejini kwao, miaka kumi na mmoja, na alipofiwa naye mwezi wa kumi akaendelea kuirusha peke yake.

Desemba hiyo alirusha ndege hadi mji wa Valentine kuchukua kipuri cha trekta. Akiwa njiani kurudi, jua limeshazama, jenereta kubwa ya ndege ikafa. Ile ndogo ya akiba ikashika kazi, lakini hutoa ampea nane tu, na injini ile haiendi bila umeme. Akazima taa, redio, kila alichoweza. Kukabaki giza, mngurumo wa injini, na kipimo cha umeme unaotumika kinachong'aa mbele yake.

Kilipaswa kusoma tano. Kilisoma tisa.

Akapapasa swichi zote upya. Tisa. Zile nne za ziada alizijua: ndizo zilizokuwa zikiliwa na fulana ya umeme ya kupasha joto ya Ardith, mwanamke aliyesikia baridi hata Juni, msimu wa joto kwao. Fulana yenyewe alizikwa nayo.

"Ardith, wewe na baridi yako!" akasema. "Izime kidogo, mpenzi. Umeme hautatufikisha nyumbani."

Upande wa kulia, alikozoea kukaa Ardith, swichi ikalia, ta! Kipimo kikashuka hadi tano.

Emmet alinisimulia haya akilia. Kwa dakika arobaini zilizobaki, katika giza lile, alisikia meno yakigongana kwa baridi kwenye kiti cha mkewe.