Moshi Ndani ya Gunia

Hilux nyeupe iliruka shimo, ikavuka daraja la Rusizi bila kupunguza mwendo.

Mwavita alikaza mkono kwenye pikipiki yake, Yamaha.

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani. "Mwavita, uko wapi?" Alikuwa Yahaya, mkuu wake wa ujasusi.

"Nyuma yake, mkuu."

"Akivuka mpaka, ile mbegu basi tena."

Vita vilikuwa vimechoma mashamba milimani. Mahindi ya asili yalibaki mikononi mwa wakimbizi wachache. Melchior, mtaalamu wa mbegu, alipita kambini akiyakusanya. "Nitawatunzia," aliapa. Bibi Médiatrice, mkimbizi aliyehifadhiwa Kamenge, alimpa mekundu yake yote. Sasa mvua zinakaribia, na Melchior yumo ndani ya Hilux, anakwenda kuyauza kwa kampuni ya ng'ambo itakayoyaandikisha kuwa mali yake.

Kizuizi cha Gatumba kiliisimamisha Hilux. Mwavita alipofika, askari walikwisha kuchungulia magunia.

"Ni mahindi ya msaada tu," askari mmoja alimwambia.

"Umesikia, dada?" Melchior alicheka, meno yanameta mafuta ya nyama ya brosheti. "Ni ya bakimbizi ba Uvira. We unatafuta nini? Almasi?"

Mwavita alichomoa bastola yake, Makarov. Mkono wa pili akauzamisha guniani, akanusa punje.

Moshi.

"Msaada unakuja na meli, Melchior. Tangu lini meli inatundikwa juu ya mafiga?"

Kicheko kikamkauka.

Mbegu ya nyumbani huning'inizwa juu ya moto, inywe moshi, wadudu wasiiguse. Melchior aliyafukia mahindi mazima chini ya punje za msaada, akasahau kuwa moshi haufukiki.

Mwavita alimwaga gunia. Yakabingirika: meupe, ya zambarau, ya madoadoa, mekundu. Kila moja na kibandiko cha namba.

Melchior akamdaka mkono. Kiganja chake kilitota jasho, kinateleza kama konokono.

"Tugawane, dada. Bila mi, iko mahindi tu! Ni mi nilipima vinasaba, nikatenga aina, nikaipa namba."

"Ilikuwa na majina. Hii nyekundu ya Bibi Médiatrice ni Gitukura. Ulimuuliza?"

"Apana..."

Mwavita alimfunga pingu. Hata risasi ilikuwa safi mno kwake.

"Mkuu, mbegu iko salama. Leta gari. Na sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Alinishika mkono."

Gari lilipofika, alinawa hadi kiwiko. Hapo ndipo alipolishika hindi jekundu, akabandua namba, akalitia kifuani.

Yamaha ikageukia Kamenge, kwa Bibi Médiatrice.